Mbwa wa Kilo Kumi na Nne

Vijana wa idara ya mifugo mmeniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, mkaniletea na daftari lenye jalada gumu kana kwamba naandika Biblia. Nashukuru. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vingine vilikuja, vingine viliishia njiani. Nitaandika juu ya josho, mzee Ntobi, bomba la sindano na mbwa mmoja jike. Nitaandika pia juu ya wivu, kwa kuwa ndiye mwenzangu niliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko nyote.

Siku ya kwanza niliripoti joshoni, kijiji kimoja cha Shinyanga vijijini, nimevaa suruali ya kitambaa na viatu vilivyopigwa kiwi. Mzee Ntobi, bwana mifugo wa pale, alinitazama kuanzia viatuni.

"Mwangaluka," alinisalimu kwa Kisukuma. "Umekuja harusini?"

Kabla sijajibu alinikabidhi kamba ya ndama. Ndama aliruka joshoni nami nikamfuata, maana hakuna aliyenifundisha kuiachia kamba. Nilinuka dawa ya kupe wiki nzima. Faida yake ni kwamba mwezi ule hakuna kupe aliyenisogelea.

Mzee Ntobi alikuwa mfupi, mkimya, na mwenye vitu viwili ambavyo hakumruhusu mtu avishike. Kimoja ni bomba la sindano la chuma, lile kubwa la kuchanjia ng'ombe, ambalo alilichemsha kila jioni katika sufuria lake maalumu. Cha pili ni hadubini ya zamani isiyotumia umeme, yenye kioo cha kuelekezea mwanga wa jua. Aliachiwa na padri aliyefunga zahanati ya misheni. Kwa hadubini ile aliangalia damu ya ng'ombe na kusema huyu ana ndigana, huyu ana ndorobo, huyu ana njaa tu, mpeni majani.

Alinifundisha kukadiria uzito wa ng'ombe kwa macho. "Usitazame tumbo," alisema. "Tumbo ni mwongo. Tazama mgongo na paja." Miaka ikapita, nikawa bingwa. Mnadani wachuuzi waliniita kabla ya kumpandisha ng'ombe mizanini. Nikisema mia mbili themanini, mizani ilikuja pale pale au ikapishana kidogo. Walinipa jina la Mizani, nami nililipenda kuliko jina nililobatizwa. Nawaambia hili ili mjue kiburi changu kilikotoka. Hakikutoka hewani.

Baadaye tulihamishiwa kwenye kata za kuelekea Bulyanhulu, mzee Ntobi na mimi, na huko ndiko alikotukuta Devota. Alitoka Karagwe, amemaliza chuo cha mifugo mwaka uleule, na alikuja na begi moja na gambuti. Hakuja na viatu vya kiwi. Mzee Ntobi hakumuuliza kama amekuja harusini. Hilo nililiona siku hiyohiyo na sikulisahau.

Mzee alipokaribia kustaafu alituita wote wawili nyumbani kwake. Mimi nilikuwa nimesubiri siku hiyo miaka kumi na mmoja. Nilivaa shati safi. Alimkabidhi Devota hadubini.

"Wewe, baba," akaniambia, "nakupa bomba. Mkono wako unalijua."

"Na hadubini?"

"Devota ataitumia."

"Na mimi ningefanya nayo nini?"

"Wewe ungeifunika kitambaa."

Alisema kweli. Tayari nilikuwa nimeshamwambia mke wangu atafute kitambaa. Lakini roho iliniuma, na donge lile halikushuka miaka mingi. Devota alipangiwa kata ya jirani, mwendo wa dakika arobaini kwa bodaboda, na watu wakaanza kumwita dokta. Mimi nilikuwa bwana mifugo, au Mizani, au "wewe mzee wa sindano." Nilijua siku anazokwenda kuchanja kuku, siku anazokwenda machinjioni, na kwamba kila Alhamisi yuko mnadani. Mke wangu, Mama Kulwa, alisema kuna wanaume wanaofuatilia mabinti kwa mapenzi na wengine kwa kijicho, na wale wa kwanza angalau wanapata raha.

Na wala binti hakunikosea adabu. Shikamoo yake haikuwahi kuchelewa. Hilo nalo liliniudhi, maana lilininyima sababu.

Sasa mbwa. Mpakani mwa kata zetu palikuwa na kilima ambacho wachimbaji wadogo walikivamia waliposikia dhahabu imetoka. Kwa miezi michache palikuwa mji kamili, na vibanda vya chipsi na mashine za kusaga mawe. Kisha habari zikaja kwamba dhahabu imetoka kwingine, na mji ukahama. Yalibaki maturubai yaliyochanika na maduara, ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao. Mtendaji wa kata akanipigia simu. Kuna mbwa kule, alisema, ana macho ya buluu, anazunguka kwenye maduara, watu wanasema ni wa wachawi na wengine wanasema ni kichaa. Kamuueni kabla hajauma mtoto. Kwa kuwa ni mpakani, tulikwenda wote wawili. Mimi nilibeba nyama na sumu. Devota alibeba hadubini.

Tulimkuta amelala kwenye mdomo wa duara. Alikuwa jike wa rangi ya udongo mwenye manyoya mengi, shingo imevimba, miguu imevimba, na macho yote mawili yana ukungu wa buluu kama maji ya kufulia. Aliposikia sauti zetu alitikisa mkia kuelekea upande ambao hatukuwepo.

Palikuwa na mama lishe mmoja ambaye bado alikuwa akifungasha masufuria yake. "Bwana wake kaenda rashi nyingine, kule dhahabu ilikotoka sasa," alisema. "Alikuja naye toka misitu ya kule Bukombe, alikuwa mzima kabisa. Macho yameanza kuharibika hapahapa. Siku wanahama akapanda pikipiki, huyu akabaki anamsikiliza tu."

"Kichaa," nilisema, nikaanza kufungua mfuko wa nyama.

"Shikamoo tena, Baba Kulwa," alisema Devota, kama mtu anayebisha hodi. "Lakini mbwa kichaa anatikisa mkia?"

"Wengine wanatikisa."

"Nipe dakika kumi tu."

Alimchoma sikioni, akapata tone la damu, akageuza ndoo ya mama lishe juu chini na kuweka hadubini juu yake. Akakielekeza kioo juani. Alitazama, kisha akasogea pembeni. "Njoo uone, Baba."

Nilitazama. Katikati ya chembe za damu palikuwa na vidudu vinajipindapinda kama viluwiluwi dimbwini. Ndorobo. Ugonjwa wa mbung'o wa msituni, ule ambao nimewatibu ng'ombe wasio na idadi, na ambao haukunijia akilini hata kidogo kwa sababu mgonjwa hakuwa na pembe.

"Anatibika," alisema Devota, na uso wake uling'aa kwa furaha. "Dawa ni ileile ya unga wa manjano. Macho yatarudi. Nitamchukua mimi, mwenye nyumba wangu nitazungumza naye."

"Namchukua mimi," nilisema.

Alishtuka. Nami nilishtuka. Maishani mwangu sikuwahi kufuga mbwa wa kumgusa. Mbwa wa kwetu walilala nje na kula kilichobaki. Sikumpenda yule mbwa. Nilipenda asiwe wake. Kichwani nilikwisha kumwona Devota akipita mtaani na mbwa aliyeponywa, watu wakisema, mnamwona dokta? Nisingeweza kuvumilia.

"Basi vizuri, Baba," alisema. "Tumpime uzito kwanza. Kwa mbwa dawa hii haina mchezo, ikizidi inampanda kichwani. Nina kisindano kidogo hapa, chukua."

"Binti," nilisema, "unamfundisha nani kupima?"

Nilimfunga mbwa kamba na kumpakia kwenye pikipiki yangu, katikati ya magoti, na kisindano chake nikakiacha juu ya ndoo.

Mama Kulwa aliniona nikiingia uani. "Umeleta nini?"

"Mgonjwa."

"Wa kwako au wa yule binti?"

Nilimshusha mbwa nikamtandikia gunia. Asubuhi nilichemsha bomba la mzee Ntobi, nikachanganya dawa, nikamtazama mbwa kwa jicho lile lililonipa jina mnadani. Kilo ishirini na tano, nilisema kwa sauti, ingawa hakuwepo wa kuniuliza. Bomba la ng'ombe halina mistari ya kiasi kidogo hivyo. Nilivuta kwa makadirio, nikaongeza tone kwa ajili ya bahati, nikamdunga.

Kesho yake asubuhi alikuwa anayumba. Alitapika, akaanguka, akasimama, akaanguka upande uleule. Miguu ilianza kukakamaa na kichwa kikawa kinatetemeka. Nilijua. Hakuna haja ya kuwaficha, nilijua palepale kwamba huo haukuwa ugonjwa. Ilikuwa dawa, na iliyomdunga ilikuwa mikono yangu.

Nilishika simu. Namba ya Devota ilikuwa mbele yangu. Nikaiweka simu mezani, nikatoka nje, nikarudi, nikaishika tena. Nikajiambia labda atatulia mwenyewe. Nikajiambia mtandao ni mbovu, na mtandao ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Nilichokuwa nakiogopa si mbwa kufa. Nilikuwa naogopa kusikia Devota akinyamaza upande wa pili baada ya mimi kumwambia. Ilikwenda hivyo tangu chai ya asubuhi hadi karibu na adhuhuri, na muda wote mbwa alikuwa akitetemeka juu ya gunia.

"Mpigie," alisema Mama Kulwa.

"Nitampigia nikitaka."

"Wanasema mwenye wivu ajinyonge. Wewe unamnyonga mbwa."

Nikapiga. Alipouliza nimempa kiasi gani nilimwambia kweli, kwa sababu uongo ungemmaliza mbwa palepale. Alinyamaza kama nilivyotarajia. Kisha akasema, "Nakuja. Mfunike, mwondoe juani, asipewe chochote mdomoni."

Alifika na mfuko wa dripu, dawa ya kutuliza degedege na hadubini, ingawa hadubini haikuwa na kazi siku ile. Nadhani alikuwa amezoea kutembea nayo. Alipiga magoti, akamwinua mbwa kwa mikono miwili. Nilimwona usoni alipogundua wepesi wake. "Baba Kulwa, ulimkadiria ngapi?"

"Ishirini na tano."

Alimtuliza kwanza kwa sindano. Kisha, ili ajue kiasi cha maji ya kumwekea, tulimpeleka kwenye ghala la pamba la jirani. Ulikuwa msimu wa kununua, wakulima wamepanga mstari na magunia yao. Tulimwingiza mbwa kwenye gunia, kichwa nje, tukamtundika kwenye mizani ya ndoana.

"Leo tunanunua mbwa?" alisema mpimaji, na ghala zima likacheka. "Daraja la safi hii au la fifi?"

"Fifi!" mkulima mmoja alidakia. "Imelowa maji hiyo!"

Mshale ulitulia kwenye kilo kumi na nne. Na katika hizo kumi na nne kulikuwa na maji ya uvimbe na manyoya. Nilikuwa nimempa zaidi ya mara mbili ya haki yake. Wale wakulima walikuwa wananijua wote. Mmoja aliniuliza, "Mizani, wewe ulisema ngapi?" Devota akajibu kabla sijafungua mdomo: "Hatujamuuliza bado. Mbwa si kazi yake."

Alinikinga. Nami, badala ya kushukuru, nilimchukia kwa dakika nzima kwa jinsi alivyofanya haraka na vizuri.

Siku tatu alikuja kwetu kila siku. Dripu tuliitundika kwenye kamba ya kuanikia nguo, kati ya kanga za Mama Kulwa. Mbwa akikakamaa, Devota aliweka kiganja nyuma ya sikio lake na kumwongelesha kwa Kihaya, na mbwa alilegea. Nikajaribu mimi, kiganja kilekile, mahali palepale, kwa Kisukuma. Alibaki amekakamaa. Siku ya nne alisimama akanywa maji, na nilikwenda nyuma ya choo nikalia. Sijui kama nilimlilia mbwa au nilijililia mimi.

Sasa andikeni hili, kwa kuwa ndilo mlilonipa daftari kwa ajili yake. Jicho la ng'ombe ni la ng'ombe. Mbwa, mbuzi, punda, mpime. Kama huna mizani ya ofisi, ghala la pamba lipo, duka la mpunga lipo, na kuchekwa hakujamuua mtu. Chukueni sindano ndogo yenye mistari inayosomeka. Macho ya buluu si uchawi, na mbwa aliyetoka msituni akiwa na homa na uvimbe, tazameni damu kabla hamjatazama sumu. Bomba la chuma ni zuri kwa kazi yake. Kosa halikuwa la bomba.

Vidudu vilikufa, licha ya mkono wangu mzito. Ukungu wa macho ulianza kuondoka pembeni, kidogokidogo, hadi siku moja nikaona mboni ya kahawia inanitazama. Nilimwita Chuma. Nilimpa ugali na vichwa vya sangara, nikamtoa kupe kwa mkono, nikamjengea kibanda cha bati. Devota alikuja Alhamisi moja akitoka mnadani kumwangalia. Mbwa alikuwa miguuni pangu. Alinyanyua kichwa, akamsikia akisema "Pamba!", jina ambalo Devota alimpa kule ghalani kwa utani, na akanivuka kama anayevuka mfereji. Alimlamba hadi miwani.

Chakula changu, uwanja wangu, bati langu. Na jina la Chuma hakuliitikia tena, hata nikiwa na nyama mkononi.

Ikawa hivyo miaka miwili. Kila Alhamisi, siku ya Devota kupita akitoka mnadani, mbwa alikwenda kukaa kando ya barabara tangu asubuhi. Siku nyingine alikuwa wangu, namna mpangaji alivyo wa mwenye nyumba. Kisha Devota akahamishiwa Nkome, kule ziwani. Aliposema kwaheri mbwa alipanda kwenye gari naye, akamshusha. "Kaa na Baba," alimwambia. Mimi nilikuwa nimesimama barazani, na neno moja tu lilihitajika, mchukue. Sikulisema. Nilimshika kwa kamba mpaka vumbi likaisha. Alhamisi zilizofuata aliendelea kwenda barabarani, na mimi niliendelea kujiambia kwamba mbwa hasomi kalenda.

Mwaka jana nikastaafu. Mlikuwepo wengi wenu, mlikula pilau lile. Mlimwona Devota ameshuka kwenye gari la idara na sado mbili za dagaa, na mlimwona mbwa aliyepenya katikati ya viti na kuja kulala juu ya miguu yake. Mnakumbuka na hotuba yake. Alisema Baba Kulwa ndiye aliyemfundisha kutomdunga mnyama yeyote mdogo kabla ya kumpima, na kwamba alimwona akimpeleka mbwa mgonjwa kwenye ghala la pamba, akichekwa na watu wote, bila kuona aibu. Mkapiga makofi. Mmoja wenu alisimama kabisa.

Mimi nilikaa nimeinamisha kichwa, mkadhani ni unyenyekevu. Hakusema uongo hata neno moja, alipanga tu maneno mpaka kosa langu likawa somo langu. Miaka yote nilimwonea wivu kwa hadubini, kwa shikamoo, kwa mikono yake, na kwa yule mbwa. Siku ile niligundua hata wema wake namwonea wivu, maana mimi nisingeuweza. Ningekuwa na siri ya namna ile juu yake ningekuwa nimeshaisimulia mnadani mara mia. Nilitakiwa nisimame niseme, vijana, haikuwa hivyo. Nilichukua kipaza sauti nikasema asanteni kwa kuja.

Ndiyo maana nimeandika daftari hili. Haikuwa hivyo. Ilikuwa kama nilivyoandika hapa.

Watu walipoondoka nilimsindikiza hadi kwenye gari. Mbwa alikuwa katikati yetu. Nilifungua mlango wa nyuma.

"Mchukue."

"Baba Kulwa, ni mbwa wako. Wewe ndiye uliyemleta nyumbani."

"Nilimleta ili usimpate wewe."

Alinitazama. Nilifikiri angeshangaa, lakini hakushangaa. "Najua, Baba," alisema. "Tangu siku ile nilijua. Lakini ulimlisha vizuri."

"Mchukue kabla sijabadili mawazo. Wabeja, asante. Nenda."

Mbwa hakusubiri kuitwa. Aliruka ndani, akageuka mara moja kutafuta mahali pa kulala, akaweka kidevu juu ya begi la Devota. Gari likaondoka. Nilibaki nimesimama pale barabarani nikimtazama kupitia kioo cha nyuma, nikisubiri anyanyue kichwa, angalau kwa ajili ya vile vichwa vya sangara. Hakunyanyua.

Mama Kulwa alinijia na kuniambia nimefanya jambo la heshima. Nikamwomba aniache kwanza nimalize kuona wivu.